Kuzunguka mashamba ya zabibu Dodoma kwa baiskeli bila kukutana na lori

Watu wengi ukiwaambia baiskeli Dodoma wanaiwaza ile barabara ya Morogoro, mabasi yanakupita mpaka unayumba, basi hawajaribu kabisa. Wenzetu Ufaransa wana njia ya baiskeli inafuata mto Loire karibu kilomita 900, ina vibao, inapita kwenye mizabibu mpaka baharini. Sisi hatuna hiyo. Tuna njia za ng'ombe. Na mimi nakwambia kiangazi zinatosha kabisa, kwasababu mito yetu mingi huku ni ya mchanga, inashuka maji masika alafu inakauka, na pembeni ya kila korongo kuna kinjia maana mifugo inafuata maji na watu wanafuata mifugo. Gari haliji huko, labda pikipiki moja moja ya mtu anaenda shamba. Ukishalielewa hilo kazi kubwa inayobaki ni miiba na maji ya kunywa.

Nenda kuanzia Juni mpaka Oktoba. Mvua zetu zinaanza Desemba hivi mpaka Aprili, kwa mwaka ni kama milimita 570 tu ila zinapiga kwa mkupuo, na korongo uliloliona kavu asubuhi linaweza kushuka maji jioni wakati ulipo wewe hakuna hata wingu, mvua imenyesha huko juu milimani. Usilale kwenye korongo hata kama mchanga unavutia. Zabibu Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba, kwahiyo ukitaka kuona mavuno na njia iwe kavu Agosti ndo yenyewe. Asubuhi kuna baridi aisee, usidanganywe na jua la mchana, beba sweta.

Kosa la kwanza watu wanalofanya ni kutoka mjini wakipiga pedeli kwenye lami. Acha. Tafuta kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, weka baiskeli nyuma, lipa, kaanzie mbali. Mimi naanzia Hombolo, ni kama kilomita 40 kaskazini mashariki ya mji, alafu narudi kuelekea magharibi mpaka Makutupora, tena nashuka Veyula na Msalato. Sababu ni upepo. Kiangazi upepo wa Dodoma unatoka mashariki na kusini mashariki, na ikifika saa nne asubuhi unavuma kweli, ukiwa nao usoni na vumbi juu utaichukia baiskeli yako, ukiwa nao mgongoni unajiona bingwa. Mara ya kwanza nilienda kinyume, nikaanzia Msalato kwenda Hombolo, nikafika saa kumi na mbili jioni midomo imepasuka na sitaki kuongea na mtu.

Hombolo kuna bwawa, lilijengwa miaka ya 1950, na asubuhi mapema ukipita kinjia cha pembeni unakuta wavuvi wanatoa perege na mizabibu iko nyuma yako mistari kwa mistari, nguzo na waya. Piga picha, kaa, kula mihogo. Kuogelea sikushauri, maji yaliyotuama na konokono wake ni kichocho hicho. Toka hapo kwenda Makutupora kwa mstari ulionyooka ni kilomita 20 na kitu, kwa vinjia ni zaidi, wewe ihesabu kama siku nzima yenye kusimamasimama. Huko Makutupora ndo kuna kituo cha utafiti wa zabibu, na ile zabibu nyekundu maarufu inaitwa jina hilohilo, Makutupora, nyeupe utakutana zaidi na Chenin Blanc. Bonde hilohilo ndo kuna visima vya Mzakwe vinavyopeleka maji mjini, na kuna kambi ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), kwahiyo ukiona uzio au kibao cha jeshi zunguka mbali na simu iweke mfukoni, usijifanye mtalii.

Sasa miiba. Kuna kitu kinaitwa mbigili, masika ni kajani kazuri kametambaa chini kana maua ya njano, kiangazi kanakauka kanaacha vipunje vyenye pembe ngumu kama msumari, vinakusubiri. Havikai katikati ya njia iliyokanyagwa sana, vinakaa kingoni, na kwenye viwanja vya wazi karibu na mazizi. Kwahiyo sheria yangu, ukikutana na ng'ombe usiingie pembeni kuwapisha, simama palepale katikati watakuzunguka wenyewe. Ukitaka kupumzika inyanyue baiskeli begani upeleke chini ya mti, usiikokote. Na chini ya mgunga usiegeshe, chagua mbuyu.

Ukipata pancha, na utapata, usiharakie kubandika kiraka. Toa tyubu, alafu chukua kitambaa upitishe ndani ya tairi lote taratibu, sio kidole, kitambaa kinanasa kwenye ncha ya mwiba ambayo jicho halioni. Mwiba mmoja ukibaki unaziba mara tatu. Beba tyubu mbili mpya, viraka kama kumi na tano, solusheni, msasa, pampu ya mkono na spana ya nati za matairi. Mimi mwaka juzi nilibeba viraka vitano nikajiona nimejipanga, vikaisha kabla ya saa sita mchana. Akaja mzee mmoja na baiskeli yake ya Phoenix, nyuma kafunga madumu mawili ya maji, akacheka kwanza. Alafu akalitafuta tobo kwa kuipitisha tyubu karibu na shavu lake, akalikunja lile eneo likawa kama kamdomo, akalikaza kwa ukanda wa mpira wa tyubu kuukuu, mizunguko mingi, vile unavyofunga mdomo wa gunia. Likabaki nundu, kila tairi likizunguka linagonga tk, tk, tk, ila nilifika. Toka siku hiyo natembea na ukanda wa mpira umeviringwa kwenye bomba la kiti.

Mchanga wa korongo usishindane nao. Punguza upepo kidogo kwenye matairi, pita pale palipokanyagwa na ng'ombe karibu na ukingo ambapo mchanga una unyevu umeshikana, na ukiona tairi la mbele linaanza kuogelea shuka usukume, hakuna aibu. Utakuta watu wamechimba vishimo mchangani wanachota maji kwa kibuyu au kikopo, hayo ni maji ya mtu kachimba, omba kwanza, na ukipewa yachemshe au weka dawa. Mimi naondoka na lita tano na najaza kila nikikuta bomba la kijiji hata kama bado ninayo.

Njia utauliza tu, ramani ya simu inasaidia kujua uelekeo ila vinjia vingi haivijui. Ukikuta wazee amkia vizuri, shikamoo inatosha, lakini ukisema mbukwenyi, salamu ya Wagogo wenyeji wa huku, uso unabadilika hapohapo. Na usiulize "ni mbali?" maana jibu siku zote ni "hapo tu mbele". Uliza kwa mguu ni mwendo wa saa ngapi, hapo utapata jibu la kweli, saa moja ya mguu wa Mgogo ni kama kilomita tano sita. Uliza pia korongo gani utavuka na kama kuna mchanga mwingi. Kijiji unachotaka kulala nenda kwa mwenyekiti au mtendaji kabla giza halijaingia, jitambulishe, watakuonyesha pa kulala na baiskeli itaingizwa ndani. Jioni utakula ugali wa uwele na mlenda, na kama hujazoea mlenda, tonge dogo, meza, usitafune sana.

Kuhusu zabibu zenyewe, shamba lina mwenyewe hata kama halina uzio. Simama nje uite, mwombe akuuzie kilo moja, wengi watakuongezea vichala juu. Zioshe, zimepuliziwa dawa ya ukungu hizo. Ukisikia wanaongelea mchuzi wa zabibu sio mchuzi wa kulia ugali, ni zabibu zilizosagwa zikakamuliwa kwa ajili ya kutengeneza mvinyo, wakulima wengine wanauza huo badala ya tunda. Mvinyo wenyewe nunua wa chupa iliyofungwa, uviringishe kwenye kanga ndani ya begi, ufungue ukishafika pa kulala. Glasi mbili saa saba mchana kwenye jua la Dodoma zitakulaza chini ya mbuyu mpaka magharibi, najua ninachosema.

Ukirudi nyumbani kabla hujalala pangusa cheni na kitambaa chenye mafuta ya taa, acha ikauke, ndo uweke oil. Usiweke oil juu ya ule mchanga, unasaga meno ya gia, na mimi seti nzima niliibadilisha kwa uvivu wa usiku mmoja.