Mfarishi wa Mabaki ya Vitenge: Kuunga na Kudarizi kwa Cherehani ya Nyumbani

Kila fundi cherehani ana kiroba chake cha mabaki, kilichosindiliwa nyuma ya mlango au chini ya meza: pembe za vitenge zilizobaki baada ya kukatwa magauni, kipande cha kanga kilichozidi, vitambaa vya mashati visivyotosha hata kutoa mfuko. Mtu anayetaka kushona kwa kujifurahisha, bila kusukumwa na riziki, hana haja ya kuanzia mbali na kiroba hicho. Wengi huanza kwa kuuliza ni mashine gani wanunue, nami naona swali hilo huja mapema mno. Cherehani ya kawaida inayoshona mshono mmoja ulionyooka, hata ile ya kukanyaga kwa miguu, inatosha kwa kazi ya kwanza, mradi mshonaji awe na pasi, mkasi mkali, rula ndefu na subira ya kupima mara mbili kabla ya kukata.

Kazi ninayoipendekeza ni mfarishi mdogo wa kutandika sakafuni, wenye inchi 36 kila upande. Mfarishi ni tandiko la matabaka matatu yaliyoshonwa pamoja yasiachane, yaani uso wa vipande vilivyoungwa, kijazo katikati na mgongo upande wa chini. Uso wetu utakuwa na miraba 36, sita kwa sita, na minne kati yake itakuwa ya kitambaa cha rangi moja kilichodariziwa. Kwa mpango huo mtu hujifunza fani mbili katika kazi moja, na kazi yenyewe ni ndogo kiasi cha kumalizika kabla hamu haijapoa.

Kabla ya yote, vitambaa vioshwe. Kitenge cha pamba kinapoingia majini kwa mara ya kwanza hurudi, yaani hupungua urefu na upana, na kila aina hurudi kwa kiwango chake. Vikiungwa bila kuoshwa, uso wa mfarishi utakunjamana siku ya kufuliwa. La pili ni rangi. Mfarishi wangu wa kwanza ulikuwa na miraba myekundu iliyokaa jirani na miraba myeupe, nami kwa haraka zangu sikuosha chochote. Baada ya kufua mara moja sikuwa tena na mweupe hata mmoja, na waridi lile lililojitokeza halikuwa katika mpango wangu. Tangu hapo kila kitambaa chenye rangi kali nakilowesha, kisha nakikandamiza juu ya kipande cheupe kwa pasi ya moto. Kikichuja, nakiosha tena, na kikiendelea kuchuja nakirudisha kirobani.

Mraba mmoja ukatwe inchi 6 na nusu kila upande. Robo inchi, yaani karibu milimita 6, italiwa na mshono kila upande, nao mraba utabaki na inchi 6 kamili. Kitenge chenye upana wa inchi 45 hutoa miraba sita katika ukanda mmoja, lakini uzuri wa kazi hii ni kuchanganya, hivyo vipande vya mifumo kumi tofauti ni bora kuliko kitambaa kimoja kizima. Nakushauri usichanganye kitambaa kizito na chepesi katika safu moja. Kanga ni nyepesi kuliko vitenge vingi, na ikiungwa na kitenge kinene huvutwa na kupinda. Ukitaka kutumia kanga kwenye uso, ipakwe kanji na kupigwa pasi kwanza ili ipate ukakamavu.

Kipimo cha mshono ndicho kinachotofautisha mfarishi ulionyooka na ule uliopinda. Tuseme badala ya milimita 6 mshonaji anakula milimita 8. Kosa hilo halionekani kwa macho, lakini kila mshono unaunganisha miraba miwili, kwa hiyo milimita 4 zinapotea kila mahali pa kuungia. Safu ya miraba sita ina mishono mitano, na hapo sentimita 2 nzima zimekwisha. Safu inayofuata ikishonwa kwa uangalifu zaidi, hazitalingana. Dawa yake ni rahisi: pima robo inchi kutoka kwenye sindano kwenda kulia, bandika kipande cha utepe wa gundi juu ya bamba la cherehani mahali hapo, kisha acha ukingo wa kitambaa utambae kando ya utepe huo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Macho yawe kwenye utepe, yasifuate sindano.

Hata hivyo miraba usiiunge bado, kwa kuwa ile minne ya darizi lazima ikamilike kwanza. Kudarizi hukivuta kitambaa ndani, na mraba uliokatwa kwa kipimo kabla ya kudariziwa hautakuwa mraba tena baadaye. Kata vipande vinne vya inchi 10 kila upande, darizi katikati, kisha ndipo uvipunguze hadi inchi 6 na nusu. Nyuma ya kila kipande weka kitambaa kingine cha kukiimarisha. Ile kanvasi nyepesi ambayo mafundi huitia ndani ya kola inafaa, na pasipo nayo, kipande cha pamba kilichotiwa kanji nzito hufanya kazi vizuri. Bila tabaka hilo, nyuzi zitakikunja kitambaa kama ngozi ya kidole kilichokaa majini.

Kitambaa huwambwa kwenye kiwambo cha duara, yaani maduara mawili yanayokibana kitambaa kati yake, na hapa aliyezoea kudarizi kwa mkono hukosea. Kwa mkono, kitambaa hulala juu ya kiwambo. Kwa cherehani ni kinyume, kwa sababu kitambaa lazima kigusane na bamba la mashine. Weka duara kubwa mezani, tandaza kitambaa juu yake uso ukiangalia juu, kisha sukuma duara dogo ndani. Kaza mpaka kitambaa kikigongwa kwa kidole kitoe mlio kama wa ngoma. Chagua kiwambo chembamba, kwa kuwa kinene hakitapita chini ya sindano.

Cherehani yenyewe nayo inahitaji kubadilishwa. Yale meno madogo chini ya sindano yanayosukuma kitambaa lazima yanyamazishwe, maana katika darizi mikono yako ndiyo inayosukuma. Mashine nyingine zina kitufe cha kuyateremsha. Zisizo nacho, rudisha urefu wa mshono hadi sifuri na uyafunike meno kwa kipande cha plastiki nyembamba chenye tundu la sindano, kilichobandikwa kwa utepe. Ondoa mguu wa kawaida unaokandamiza kitambaa na uweke ule wenye springi wa kutililia. Wapo mafundi wanaodarizi bila mguu wowote, na wakifanya hivyo bado huteremsha mkono wa kukandamizia, kwa sababu uzi wa juu haukazwi mkono huo ukiwa juu, na matokeo yake ni fundo la nyuzi upande wa chini ambalo anayeanza hudhani ni ugonjwa wa mashine. Mtu anayejifunza asithubutu kushona bila mguu, kwani hakuna kinachotenganisha sindano na vidole vyake.

Sindano namba 11 inafaa kwa uzi laini wa kudarizia, na namba 14 kwa uzi wa kawaida. Uzi wa juu ulegezwe kidogo kuliko katika kushona nguo, ili uzi wa bobini ubaki chini na usichungulie usoni. Zungusha gurudumu kwa mkono mara moja na uupandishe uzi wa bobini juu ya kitambaa, shika ncha zote mbili, shona mara tatu au nne mahali pamoja, kisha ukate ncha hizo. Kuanzia hapo kazi yote ni ya mwafaka baina ya mguu wako unaoendesha mashine na mikono: mashine iende haraka, kiwambo kiende polepole. Kiwambo kikikimbia mashine, mishono huwa mirefu na sindano huinama hadi kugonga chuma na kuvunjika. Kikisimama, uzi hurundikana. Mwafaka huo hauelezeki vizuri kwa maandishi, nao hupatikana baada ya kuharibu vitambaa kadhaa vya majaribio, kwa hiyo usianze na mraba wenyewe. Andika jina lako kwa uzi mara kumi kwenye kitambaa chakavu. Herufi zenye mkunjo, kama S, ndizo walimu wazuri.

Kwa mchoro, chora kwa chaki ya fundi ua lenye petali tano au sita. Shona mzingo wake mara mbili, kisha ujaze petali kwa kwenda na kurudi kutoka ukingoni kuelekea katikati, mishono ikifuata jinsi petali lenyewe linavyokua. Anayetaka mfano wa nidhamu ya mistari aiangalie kanzu iliyodariziwa shingoni na kifuani: uzuri wake hautokani na wingi wa rangi, kwani mara nyingi uzi ni wa rangi moja tu, bali na mistari kukaa sambamba bila kutetereka.

Mwenye uwezo wa kununua mashine ya kudarizi ya kompyuta atafanya haya kwa njia nyingine. Mashine hizo za nyumbani husogeza kiwambo zenyewe kwa kufuata faili la mchoro, na kampuni nyingi zina aina zao za faili: Brother hutumia PES, Janome hutumia JEF. Mashine nyingi ndogo hupokea kiwambo chenye eneo la milimita 100 kwa 100, ambalo linatosha ua la katikati ya mraba wetu. Hazikuondolei kazi ya kuwamba, kuimarisha kitambaa wala kuchagua uzi. Na kitambaa kilicholegea hukunjwa na kompyuta kama kinavyokunjwa na mkono.

Darizi ikiisha, geuza kipande kifudifudi juu ya taulo na ukipige pasi ili uzi usibonyee, kisha kikate kwa kipimo. Panga miraba yote 36 sakafuni, iache hapo ukanywe chai, na ukirudi utaona mara moja mahali ambapo rangi zinagombana. Unga safu moja moja. Mishono ya safu ya kwanza ilazwe kwa pasi kuelekea kulia, ya safu ya pili kushoto, na kuendelea hivyo. Safu zinapokutana, mikunjo hiyo hushikana yenyewe na pembe za miraba hulingana.

Si mifarishi yote inayojengwa kwa miraba na rula. Wasiddi wa Karnataka nchini India, ambao asili yao ni watu waliopelekwa huko kutoka Afrika, wengi wao kutoka upande wetu wa mashariki, hushona kwa mkono mifarishi iitwayo kawandi kwa kuanzia pembeni na kuzunguka kuelekea katikati, wakiongeza kipande baada ya kipande bila kuchora chochote, na mwisho kuweka vipande vilivyokunjwa kwenye pembe nne. Anayechoshwa na vipimo vyangu ana pa kujifunzia uhuru.

Kwa mgongo wa mfarishi, hakuna kitambaa kinachonipendeza kuliko kanga. Upande mmoja wa doti, wenye karibu sentimita 110 kwa 150, unatoa mraba wa inchi 40 unaotakiwa, na ukikatwa kwa uangalifu jina la kanga hubaki zima, lisomeke kila mfarishi unapogeuzwa. Kijazo nacho kiwe inchi 40: blanketi jembamba la pamba lililokwisha kulainika kwa kufuliwa hufaa sana. Sufi na pamba isiyosokotwa naziepuka, kwa kuwa hukimbilia pembeni na kufanya mabonge.

Tandaza kanga sakafuni uso ukiangalia chini, ibandike kingo kwa utepe bila kuivuta, laza blanketi juu yake, kisha uso. Shikiza matabaka kwa pini za nepi kila baada ya upana wa kiganja, ukianzia katikati. Sasa rudisha meno ya cherehani na mguu wa kawaida, weka sindano namba 14, na refusha mshono hadi milimita 3. Shona juu ya mabonde ya mishono iliyounga miraba, mstari wa katikati kwanza, kisha unaofuata kuelekea nje. Tatizo la hatua hii ni kwamba meno husukuma kanga ya chini ilhali uso wa juu unachelewa, na mkunjo hujitokeza kabla ya kila makutano. Legeza skrubu inayokandamiza mguu, nenda polepole, na tandaza kwa mikono miwili, kiganja kila upande wa sindano. Mkunjo ukitokea, fumua. Mshono wa milimita 3 hufumuka upesi.

Punguza kingo zilingane. Kata kanda nne za inchi 2 na nusu kutoka upana mzima wa kitenge, ziunge kwa mshazari ili unene wa viungo usirundikane mahali pamoja, zikunje katikati kwa urefu na uzishone kuzunguka uso wote, kisha uzigeuzie nyuma na kumalizia kwa mkono. Kwa kuwa kanda hizi hazikukatwa mshazari, hazitapinda vizuri kwenye kona za mviringo. Kona zako ziache za mraba. Usiongeze shanga wala vifungo kama mtandikiwa ni mtoto mchanga.

Mfarishi ufuliwe kwa maji ya baridi, uanikwe kivulini ukiwa umelazwa, na upigwe pasi upande wa kanga pekee ili darizi isibonyee. Vipande vilivyobaki vyenye inchi 2 na nusu au zaidi virudi kwenye kiroba. Vidogo kuliko hapo vinafaa kwa kujazia mto wa pini.