Tangi Hubonyea Kabla ya Kupasuka: Jinsi Ninavyopima Vipumulio

Tangi la kwanza kuharibika mbele ya macho yangu halikupasuka, lilibonyea. Mafundi wa rangi walikuwa wamemaliza paa siku mbili kabla, kazi safi, jeupe linang'aa. Tukawasha pampu kuhamishia dizeli tangi la jirani. Baada ya kama dakika 20 nikasikia mlio wa debe tupu linalokanyagwa, ila mzito na wa polepole. Nilipogeuka, ukuta wa juu ulikuwa umeingia ndani upande mmoja kama shavu la mzee asiye na meno. Tukazima pampu. Baadaye nikapanda, nikafungua wavu wa kipumulio, lile bomba la paani linaloingiza na kutoa hewa ya tangi, na kuuinua kwenye mwanga. Kila tundu lilikuwa limejaa rangi iliyokauka. Nikaweka mdomo nipulize, hewa haikupita.

Tangu siku hiyo naanza hesabu ya kipumulio upande wa hewa inayoingia, kisha ndiyo nageukia inayotoka. Wengi hufanya kinyume, kwa sababu tangi linalopasuka linatisha zaidi kichwani. Chuma chenyewe hakikubaliani nao.

Nazungumzia tangi la wima la chuma lenye paa lisiloelea, lile ambalo juu ya mafuta kuna hewa tupu isiyo na shinikizo la maana. Paa la bati la milimita 5 lina uzito wa takriban kilo 39 kwa kila mita ya mraba. Ukisukuma kutoka ndani kwa paskali 385, yaani milimita 39 za maji, umefikia uzito wa bati hilo. Upande wa kuvuta, API 650, kiwango cha Taasisi ya Petroli ya Marekani cha kujenga matangi ya chuma, kinaruhusu paskali 250 bila hesabu ya ziada, na hizo ni milimita 25 tu za maji. Mtoto akinywa soda kwa mrija anavuta zaidi ya hapo. Lakini zitandaze juu ya paa la kipenyo cha mita 10, lenye mita za mraba 78.5, upate mzigo wa karibu tani 2.

Sasa tuchukue tangi hilohilo la mita 10, kimo mita 9. Ujazo wake ni mita za ujazo 707. Linahifadhi dizeli, halina blanketi la kuzuia joto, na wastani wa joto la mafuta uko chini ya nyuzi 25.

Jambo la kwanza ni kujua mafuta yanatoka kwa kasi gani, na hapa ndipo watu wengi hujidanganya. Usisome kibao cha pampu ukaridhika. Kibao kinaweza kusema mita za ujazo 60 kwa saa, lakini fungua mchoro wa pampu unaoonyesha kasi ya mafuta kwa kila kimo, uangalie mwisho wa mstari, pale ambapo haisukumi dhidi ya kimo kikubwa; utakuta 75. Kisha uliza kama pampu mbili huwahi kuwashwa pamoja. Usimuulize meneja, muulize anayebonyeza kitufe zamu ya usiku. Akisema ndiyo, basi ni 150. Na kama kuna bomba nene la kushusha mafuta kwa uzito wake wenyewe, piga hesabu na hilo pia, maana linaweza kuishinda pampu. Kwenye tangi letu tubaki na 150.

Hewa inayoingia kufidia mafuta yanayotoka ni kiasi kilekile, 150 kwa saa. Juu yake kuna pumzi ya hali ya hewa. Mvua ya ghafla ikilipiga tangi lililochomwa na jua tangu asubuhi, hewa ya ndani inapoa, inasinyaa, na tangi linavuta. Matoleo mapya ya API 2000, kiwango cha upumuaji wa matangi, yanayoendana na kile cha kimataifa cha ISO 28300, yanakokotoa hivi: chukua ujazo wa tangi, uupandishe kwa kipeo cha 0.7, halafu uzidishe kwa 4. Kikokotoo cha simu kinatosha. 707 kwa kipeo cha 0.7 ni karibu 99, mara 4 ni 395. Hiyo 4 ni ya maeneo yaliyo chini ya nyuzi 42 za latitudo, kwa mafuta yasiyotoa mvuke mwingi. Wastani wa joto la kuhifadhi ukifika nyuzi 25 au zaidi, au mafuta yakiwa ya mvuke mwingi, weka 6.5 mahali pa 4.

Jumla ni 545. Linganisha sehemu mbili hizo: mvua peke yake inadai mara mbili na nusu ya pampu zote mbili. Ukitumia njia ya zamani, ambayo bado iko kwenye kiambatisho cha API 2000, tangi hili lingedai 261 tu. Kiwango kinaruhusu njia hiyo kwa baadhi ya matangi. Mimi kwa tangi jipya siigusi, kwa kuwa tofauti ya gharama ni kipande cha bomba na flanji. Tena 545 yangu naipandisha hadi 600, kwa sababu vitabu huhesabu hewa ya nyuzi 0 na hewa ya joto huchukua nafasi kubwa zaidi.

Hesabu ya hewa inayotoka haichukui muda. Kujaza kwa 200 kwa saa kunatoa 200 (kwa petroli na mafuta mengine ya mvuke mwingi, zidisha mara mbili). Pumzi ya jua ni ujazo kwa kipeo cha 0.9 mara 0.32, ambayo kwetu ni 117. Jumla 317, zaidi kidogo tu ya nusu ya inayoingia, na paa linavumilia zaidi upande huo. Angalia jambo moja: kama mwisho wa kushusha mafuta mnasafisha bomba kwa hewa ya kompresa, pigo hilo huingia tangini kwa kasi inayoweza kuzidi hesabu yote hii. Lipunguze kwa valvu, au lihesabu.

Sasa ukubwa wa bomba. Kwa kipumulio kilichopinda kichwa chini na kufungwa wavu mdomoni, natumia hesabu rahisi: shinikizo linalopotea ni 4 mara 0.6 mara kasi ya hewa mara kasi tena. Hiyo 4 inabeba vizuizi vyote, yaani mdomo wa kuingilia, kona, wavu na kutokea, 0.6 ni nusu ya uzito wa mita moja ya ujazo ya hewa. Mita za ujazo 600 kwa saa ni 0.167 kwa sekunde. Gawanya kwa eneo la ndani la bomba upate kasi.

Bomba la inchi 4 linatoa karibu paskali 990. Limeshindwa vibaya. La inchi 6 linatoa 192, chini ya 250, na hapo ndipo wachoraji wengi huweka kalamu chini. Mimi nauliza swali moja zaidi: vumbi, utando wa buibui na kiota vikila nusu ya njia, itakuwaje? Kasi inakuwa maradufu, shinikizo mara nne: 767. Kwenye paa letu hizo ni tani 6. Inchi 8 ikizibwa nusu inatoa 256, imegusa mpaka.

Kwa hiyo naweka mbili za inchi 6, moja kila upande wa paa. Zikiwa safi, hupotea paskali 48. Zote zikizibwa nusu, 192. Moja ikizibwa kabisa, hata kwa rangi, nyingine peke yake inarudisha ile 192 na tangi linasimama. Bomba moja la inchi 10 nalo lingepita hesabu, lakini lina mdomo mmoja, na mdomo mmoja unafunikwa na mfuko mmoja.

Wavu uchague kwa jicho la hewa. Matundu ya milimita 3 na waya wa milimita 1 huacha wazi asilimia 56 ya eneo. Matundu ya 12 na waya wa 2 huacha 73, na ndege bado haingii. Ukilazimika kutumia matundu madogo, panua mdomo ili wavu uwe mkubwa kuliko bomba.

Yote haya ni kwa kipumulio kilicho wazi. Mafuta ambayo mvuke wake unaweza kushika moto chini ya nyuzi 37.8 yanahitaji valvu ya shinikizo na mvuto (inayofunguka tu tangi linaposukuma au kuvuta) au kizuia moto, na hapo achana na hesabu yangu ya 4: chukua mchoro wa mtengenezaji, usome hewa inayopita kwenye shinikizo lako halisi. Moto wa nje nao una hesabu yake. Ukuta wa tangi hili una mita za mraba 283, na kiwango kinadai karibu mita za ujazo 20,000 kwa saa. Vipumulio vya kawaida havifiki huko. Kazi hiyo ni ya kiungo dhaifu kati ya paa na ukuta, au ya mfuniko wa dharura unaoinuka wenyewe. Nimekuta mfuniko wa namna hiyo umefungwa kwa boliti zote ili usivuje maji ya mvua. Ukiukuta hivyo, simamisha kazi uzifungue.

Baada ya kufunga, pima. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ukunje kama herufi U, tia maji yenye rangi kidogo, unganisha ncha moja na tundu dogo la paa na kuiacha nyingine wazi. Washa pampu zote mbili siku tulivu isiyo na mvua. Kwa vipumulio viwili safi maji hayasogei hata nusu milimita. Ukiona tofauti ya milimita 5, zima pampu, panda, fungua nyavu.

Rangi ikipakwa tena, nyavu zinavuliwa kwanza na kukabidhiwa mwenye funguo za chumba cha pampu. Mpaka zirudishwe mahali pake kwa mkono wa mtu aliyeziinua kwenye mwanga, funguo hazitoki.