Grisi au Gundi: Kuchagua Kinachofaa kwa Bolti za Breki za Diski

Baiskeli zenye breki za diski zimeongezeka hapa Dodoma, nyingi zikiwa za mtumba, na mtu anayefungua diski ya mojawapo kwa mara ya kwanza hukuta bolti sita ndogo zenye kichwa cha nyota, kila moja ikiwa na utando mkavu wa buluu kwenye hesi zake. Fundi aliyezoea Phoenix huukwangua utando huo akidhani ni uchafu, kisha hupaka grisi, kwa kuwa katika baiskeli za kawaida karibu kila bolti hupakwa grisi ili isishike kutu. Mazoea hayo yana maana mahali pengine, lakini kwenye diski ni kosa. Nasema hivyo kwa sababu nami nililifanya.

Nilitumia grisi ya beringi, tena kwa ukarimu. Siku ya tatu, nikiteremka kutoka upande wa Mlimwa, breki ya mbele ilianza kulia, na nilipoibana kwa nguvu zaidi ikawa inateleza. Diski hupata joto kali kila inapobanwa, na grisi ikipashwa joto hulainika, ikatoka kwenye hesi na kutambaa juu ya chuma hadi kwenye pedi. Pedi za breki hunyonya mafuta kama mkate unyonyavyo mchuzi, na zikishanyonya huwa vigumu mno kuzirudisha katika hali yake. Nilizitupa, nikanunua nyingine, nikaisafisha diski kwa spiriti mara mbili.

Sababu ya pili haionekani kwa macho. Kinachoizuia bolti isijifungue ni mkazo wake pamoja na msuguano wa hesi kwa hesi. Grisi hupunguza msuguano huo, na hapo yanatokea mambo mawili kwa pamoja: nguvu ile ile ya mkono huvuta bolti kupita kiasi, hata hesi za habu (kitovu cha gurudumu kinachobeba diski), ambazo aluminiamu yake ni laini kuliko chuma cha bolti, zikaliwa, na baadaye mtikisiko huifungua bolti kwa urahisi. Anayepita kila siku kwenye rasta za lami, au kwenye njia za vumbi zenye mawimbi kama zile za pembezoni mwa Nzuguni, anajua mtikisiko ni nini. Zaidi ya hayo, grisi iliyo wazi hukusanya vumbi letu na kuwa tope linalosaga.

Kwa hiyo bolti za diski hufungwa kwa gundi ya hesi, na ule utando wa buluu ndio gundi hiyo. Gundi hii haikauki kwa hewa kama gundi nyingine. Huganda pale inapobanwa kati ya chuma na chuma mahali ambapo hewa imeondoka, na ndiyo maana chupa yake haijazwi hadi juu, kwani hewa iliyobaki ndani huifanya isigande. Tabia hiyo inatupatia njia nyepesi ya kuikagua kabla ya kuiamini. Weka tone moja juu ya kipande cha kioo na jingine ndani ya nati ya zamani iliyofungwa kwenye bolti yake, uache hadi kesho. Tone la kwenye kioo linapaswa kubaki majimaji, na nati inapaswa kugoma kidogo unapoizungusha. Ikiwa tone la kioo limekuwa gumu, ulichouziwa ni gundi ya aina nyingine.

Kuhusu nguvu ya gundi, inayotufaa ni ya kati, ambayo kwa chapa ya Loctite ni ya buluu, namba 242 au 243. Hiyo ya 243 huvumilia mabaki kidogo ya mafuta kwenye hesi. Nyekundu ya namba 271 iachwe kwa mafundi wa injini, kwa kuwa kuifungua huhitaji kuipasha bolti joto la takriban nyuzi 250 za Selsiasi, na joto hilo litaharibu mengine mengi kabla bolti haijalegea. Usichague kwa rangi ya pakiti pekee. Madukani ipo pia silikoni ya gasketi, ya buluu na nyekundu vilevile, na hiyo kazi yake ni kuziba mafuta yasivuje, si kushika hesi. Supaglu nayo isitumike.

Safisha hesi za bolti na matundu ya habu kwa spiriti, uache zikauke kabisa. Ondoa mabaki ya gundi ya zamani kwa brashi ya waya. Tone moja dogo kwenye hesi za mwisho linatosha. Likizidi, futa kinachojitokeza kabla diski haijakaribia pedi, na uiweke gundi mbali na plastiki, maana baadhi ya plastiki hupasuka zikiguswa nayo. Ingiza bolti zote sita kwa vidole, kisha kaza kidogo kidogo kwa kuvuka upande wa pili, si kwa kufuata mzunguko. Kati ya watengenezaji wa breki, Shimano huelekeza Nm 2 hadi 4 (Nm ni nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), na SRAM Nm 6.2, basi fuata diski uliyo nayo. Asiye na spana ya kupimia nguvu ashike ufunguo karibu na kona yake, si mwishoni, ili mkono usipate nguvu ya kuharibu.

Bolti mbili za kalipa, yaani kifaa kinachobeba pedi na kuibana diski, ambazo kwa kawaida ni za milimita 6, nazo hupakwa gundi ya buluu. Tofauti ni kwamba kalipa huhitaji kusogezwa hadi diski ipite katikati bila kugusa pedi, na gundi huanza kushika ndani ya dakika chache. Pangilia kwanza zikiwa kavu hadi uridhike, ndipo uzitoe moja baada ya nyingine na kuzipaka. Shimano huelekeza Nm 6 hadi 8.

Grisi ina mahali pake katika baiskeli hiyo hiyo: bolti zinazoshika mkono wa breki kwenye usukani, na hesi za ile ringi kubwa ya kufungia diski zisizo na bolti sita, ambayo Shimano huikaza kwa Nm 40. Hata hapo, paka kwa ncha ya kidole, na ufute kinachobaki.

Gundi huchukua saa 24 kufikia nguvu yake kamili, hivyo mimi hufunga jioni na kuendesha jioni inayofuata. Kabla ya kutoka huchora mstari mwembamba wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha kila bolti hadi kwenye diski. Baada ya wiki ya kwanza ya barabara ya vumbi huinama na kuutazama: bolti ambayo mstari wake umevunjika huitoa, nikaisafisha na kuipaka upya, badala ya kuikaza tu juu ya gundi iliyokwisha kukatika.