Somo: Meza nne kwenye laptopu moja, kupanga madirisha ndani ya Linux Mint

Nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi hapa Busia, upande wetu wa Uganda, kando ya foleni ya malori. Laptopu yangu ni ya mtumba: RAM ya GB 4, skrini ya 1366 kwa 768, Linux Mint (mfumo unaoendesha kompyuta, kama Windows) yenye Cinnamon, yaani sura yake ya madirisha na menyu. Mwaka jana nilimprintia dereva ankara ya dereva mwenzake. Faili zote mbili zilikuwa wazi, madirisha yamelaliana kama magunia ghalani, nami nikaprinti lililokuwa juu. Alishtukia akiwa tayari kwenye foleni ya forodha. Aliporudi hakugomba. Aliweka tu ile karatasi mbele yangu akasubiri.

Tangu siku hiyo kila kazi ina mahali pake. Ndivyo nitakavyowaonyesha.

Kwanza, punguza kugawa skrini. Wengi wakijua kwamba Super na mshale wa kushoto hulibana dirisha nusu ya skrini, basi wanagawa kila kitu. (Super ndicho kile kitufe chenye nembo ya Windows.) Piga hesabu: nusu ya 1366 ni pikseli 683. Ukurasa wa A4 ndani ya Writer (programu ya kuandikia hati), kwa ukubwa wa asilimia 100, unataka karibu 794. Utashinda ukiusukuma huku na huku. Mimi hugawa kwa kazi moja tu, kunakili namba kutoka PDF kwenda Calc, programu ya majedwali ya hesabu: Super na kushoto kwa PDF, Super na kulia kwa Calc, nikimaliza nayarudisha.

Pili, fungua meza zako. Bonyeza Ctrl+Alt+mshale wa juu. Skrini itakuonyesha viwanja vinne ambavyo Mint huviita "workspaces". Mimi naviita meza. Bofya jina lililo chini ya kila kimoja uandike lako. Zangu ni hizi: Foleni, Kuchapa, Hesabu, Yangu.

Hapa ndipo penye somo lenyewe. Foleni inakaa WhatsApp tu, maana wateja hutuma kazi huko. Meza ya Kuchapa haina ruhusa ya kubeba hati mbili. Mteja mmoja, hati moja. Akishalipa nafunga, ndipo navuta ya anayefuata. Hesabu ina daftari la mauzo. Yangu ina redio na matokeo ya mpira, na mteja hana haja ya kuiona.

Tatu, tembea. Ctrl+Alt+mshale wa kulia au wa kushoto hukupeleka meza ya jirani. Ukiongeza Shift, unaondoka na dirisha ulilonalo mkononi. Jaribu sasa: fungua faili kwenye Foleni, bonyeza Ctrl+Alt+Shift+kulia, nawe utajikuta Kuchapa, faili mbele yako. Siku tatu tu, vidole vitakuwa vimezoea.

Nne, kikokotoo. Bofya kulia kwenye upau wa juu wa dirisha lake, chagua "Always on Top" kisha "Always on Visible Workspace". Kitakufuata kila meza na hakitafunikwa.

Tano, kwa wasioogopa terminali, yaani dirisha la kuandikia amri:

sudo apt install wmctrl
wmctrl -l
wmctrl -r "mauzo.ods" -t 2

Amri ya kwanza inasakinisha wmctrl, programu ndogo ya kupanga madirisha kwa amri. Ya pili inaorodhesha madirisha yaliyo wazi. Ya tatu inalipeleka daftari la mauzo kwenye meza ya Hesabu. Hesabu ni ya tatu, lakini wmctrl huanza kuhesabu na sifuri, kwa hiyo andika 2. Mimi nilipoteza nusu saa nzima kwa hiyo sifuri.

MASWALI

Kutoka Arua: Ssebo, na mimi nina GB 4. Meza nne hazitailemea mashine?

Meza zenyewe ni nyepesi mno. Kinachokula RAM ni programu, na programu iliyo kwenye meza usiyoiona bado inakula. Kuificha si kuifunga. Kivinjari chenye tabo ishirini kitakuumiza hata ukikipeleka meza ya mwisho.

Kutoka Mbale: Kaka, natumia Ubuntu, Linux ya aina nyingine. Nikibonyeza Ctrl+Alt+juu sioni unachosema.

Ni kweli dada, Ubuntu hutumia GNOME badala ya Cinnamon. Bonyeza Super mara moja uone madirisha yote. Kwa kawaida meza zake huongezeka zenyewe kadiri unavyozijaza. Super+Page Down inakupeleka ya mbele, ukiongeza Shift unabeba na dirisha. Hatua ya tano iruke: Ubuntu za sasa huonyesha madirisha kwa mfumo uitwao Wayland, na huko wmctrl haiyaoni madirisha mengi.

Kutoka Kampala: Kuna dirisha la mipangilio refu kuliko skrini yangu, kitufe cha OK kimezama chini. Nifanyeje?

Skrini zetu fupi hizi! Shikilia Alt, bofya popote ndani ya dirisha, livute juu. Likigoma, ingia mipangilio ya "Windows", sehemu ya "Behavior", uone ni kitufe gani kimewekwa kwa kusogeza.

Kutoka Jinja: Umeme ukikatika na betri imekufa, nikiwasha nitakuta meza zangu?

Majina utayakuta. Madirisha hapana, utayafungua upya. Betri yangu mimi inashika dakika kumi, kwa hiyo Ctrl+S naibonyeza kama mtu anayejikuna.

Kutoka Tororo: Yule dereva alirudi tena kwako?

Kila wiki, nyabo. Ila siku hizi anaisoma ankara yake mstari kwa mstari hapo mbele yangu, ndipo atoe pesa.