Mambo ya kuzingatia kabla ya kupiga picha za sarkoidosisi

Sarkoidosisi ni ugonjwa unaootesha vinundu vidogo vya uvimbe mwilini, hasa kwenye mapafu na tezi, na wakati mwingine kwenye moyo. Kusanya picha zako zote za zamani, hata ile eksirei ya kifua ya miaka mitano nyuma. Tezi zilizovimba pande zote mbili karibu na moyo zinaweza kuwa sarkoidosisi, TB au saratani ya tezi, na daktari anahitaji kujua zimeanza lini. Majibu ya makohozi nayo yaweke humo humo kwenye bahasha.

Kwa siti skani na MRI, sema mapema kama una ugonjwa wa figo, mzio wa dawa ya picha inayochomwa mshipani, mimba, au chuma chochote mwilini.

Sasa PET ya moyo, yaani picha inayoonyesha ugonjwa unapowaka ndani ya moyo. Hapa nisikilize vizuri. Dada yangu aliambiwa neno moja tu: "Asubuhi usile." Akatii. Lakini jana yake mchana alikula wali na maharage, jioni chai ya maziwa yenye sukari na chapati mbili. Tukasafiri usiku kucha kwa basi, tukalipa, akalazwa kwenye mashine. Picha ikatoka moyo wote unawaka. Dawa ya kipimo hicho ni aina ya sukari: panapowaka ndipo panapoila. Moyo uliozoeshwa wanga huila wenyewe, hata ukiwa mzima, na vidonda vya ugonjwa havionekani tena. Hela ikaenda, tarehe nyingine ikaja baada ya wiki nyingi, na mapigo yake yanaruka vile vile.

Kwa hiyo dai maelekezo ya chakula kwa maandishi. Kwa kawaida siku ya kabla ni angalau milo miwili ya mafuta na protini: nyama, samaki wa kukaanga bila unga, mayai. Ugali, wali, mkate, matunda, maziwa, soda, hapana. Kisha unafunga kwa muda wa saa 12 au zaidi, maji matupu tu. Pipi na dawa ya kikohozi ya maji vina sukari, weka mbali. Andika kila ulichokula. Mwenye kisukari asijipangie, aulize kwanza.

Kama unameza prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe wa ugonjwa huu, taja dozi na tarehe uliyoanza, kwa sababu inaweza kufifisha picha. Usiiache kwa uamuzi wako. Jiandae pia kukatwa kipande kidogo cha nyama ya mwili kikapimwe, maana mara nyingi picha huonyesha tu pa kukata. Na ukizimia au mapigo yakivurugika kabla ya tarehe, nenda hospitali siku hiyo hiyo.