Jinsi ya kumuombea mtu wako probesheni na matibabu badala ya gereza la Shimo la Tewa (kwa wa Mombasa)

Naandikia wale wenye mtoto, ndugu ama mume alieshikwa na misokoto ya bangi ama kete za unga (heroini), ama kaiba kitu cha kununulia hizo kete, na sasa mko kwa korido ya korti mnaambiwa "ombeni probesheni", yaani kifungo cha nje chini ya afisa, kana kwamba kuna dirisha limeandikwa hivyo. Hakuna dirisha, na hakuna fomu ya kujaza nyinyi. Anaeomba ni mshtakiwa mwenyewe ama wakili wake mbele ya hakimu, hakimu anaagiza ripoti, afisa wa probesheni anaiandika. Kazi ya watu wa nyumbani ni kuhakikisha huyo afisa akikaa kuandika ana kitu kizuri cha kuandika. Mimi nimepitia haya na mdogo wangu na naweza kuwaambia, kesi hizi huamuliwa mtaani kwenu, kortini ni kusomewa tu.

Tuanze na kituo cha polisi lakini haraka. Wana saa 24 za kumfikisha mahakamani, zikiishia siku korti imefungwa basi ni siku ya korti inayofuata, kwa hivyo wa kushikwa Ijumaa jioni mpelekeeni shuka, na inaonekana watu wengi sana wa Mombasa hushikwa Ijumaa jioni, sijui kwa nini. Kama ni mtu wa unga semeni mapema kwa afisa wa zamu, manake arosto, ugonjwa wa kukosa unga, ikianza ndani ya seli (kutapika, kuharisha, mifupa kuuma) mtu huambiwa anaigiza. Kama tayari yuko kwa methadoni (dawa ya kunywa ya kutibu uraibu wa unga), asubuhi hiyo hiyo mmoja wenu aende kliniki yake aseme mteja wenu kashikwa na yuko wapi. Msisubiri hadi apelekwe remandi. Shimo la Tewa wana kliniki ya methadoni ndani lakini hawawezi kukisia kipimo chake, kinatoka kwa faili ya kliniki yake.

Halafu karatasi ya mashtaka. Isomeni wenyewe, msisimuliwe. Kushtakiwa kupatikana na dawa ni kitu kimoja, kushtakiwa kulangua (trafficking, biashara ya dawa) ni kitu chengine kabisa, na tofauti yake huwa neno moja tu hapo kwa karatasi. Ikiwa imeandikwa kulangua, hii mambo ya probesheni wekeni kando kwanza tafuteni wakili, kwa sababu adhabu zake ni kubwa na hakimu hana nafasi kubwa ya huruma. Bangi ya kuvuta mwenyewe, tangu sheria ibadilishwe 2022, ni faini isiozidi laki moja ama kifungo kisichozidi miaka mitano, na hapo ndipo hakimu anaweza kusikiza habari ya probesheni.

Na tafadhali msimwambie tu "kubali yaishe". Ripoti ya hukumu huja baada ya kukubali kosa ama kupatikana na hatia, ni kweli, lakini kuna wanaokubali mashtaka ambayo hata hayajasomwa vizuri kwa sababu ya njaa na arosto. Ana haki ya kusomewa kwa lugha anayoielewa. Wakili mkikosa pesa kuna Kituo cha Sheria, wana ofisi Mombasa, nendeni kabla ya siku ya kujibu mashtaka. Mkienda baada yake watawapa pole tu.

Sasa kuna kitu hakuna mtu atawaeleza: ripoti ni mbili. Ya kwanza ni ya dhamana, hakimu anataka kujua akimuachilia atarudi ama atavuka kwenda Tanga. Ya pili ni ya hukumu, ndio hii inayosema apewe probesheni, huduma kwa jamii ama afungwe. Afisa anaweza kuwa mmoja na maswali yanafanana, kwa hivyo akija mara ya pili watu wa nyumbani husema "si tulishamaliza na wewe", wanajibu mkato mkato, na jibu la mkato linaandikwa vile vile. Mkaribisheni mara zote mbili.

Hiyo ripoti ya hukumu hakimu kawaida huipa kama wiki mbili, wakati mwengine zaidi, na kesi inatajwa tena. Familia nyingi hukaa hizo wiki zikisubiri simu. Msisubiri. Siku hiyo hiyo mkitoka kortini chukueni namba ya kesi, muulize karani faili imepelekwa ofisi gani ya probesheni, mwende mjitambulishe, muache namba mbili za simu za watu wanaoshika simu kweli, na maelekezo ya nyumbani ya kueleweka. Mitaa yetu haina namba za nyumba, "nyuma ya msikiti ukiuliza kwa mama wa viazi karai" ni maelekezo mazuri kuliko jina la barabara. Sisi afisa alikuja mara ya kwanza akakosa nyumba akaondoka, kesi ikatajwa bila ripoti, tarehe ikasongezwa, na mtu wetu akaendelea kulala ndani kwa sababu hakuna alieenda kumpokea stejini. Wale maafisa ni wachache na mafaili ni mengi, anakuja na matatu kama wewe, asipokuona anakwenda kwa mwengine.

Akija anaangalia nini? Ni kama posa tu, anaekuja kuulizia hamalizi kwa wazazi, anapita kwa majirani. Ataongea na mzee wa mtaa ama chifu, ataongea na alieibiwa kama kuna alieibiwa, atauliza shule, kazi, nani analipa kodi ya nyumba, analala na nani chumbani, na marafiki wa maskani wanaingia ama hawaingii. Kwa hivyo nendeni kwa mzee wa mtaa mapema, kwa heshima, mmoja mtu mzima katika familia, mumueleze. Mzee akisikia habari mara ya kwanza kutoka kwa afisa atasema "kijana huyo simjui vizuri", na hilo sentensi ni baya kuliko kusema ni mwizi, kwa sababu mtu asiejulikana hana wa kumchunga.

Alieibiwa naye ana sauti. Kwetu ilikuwa mtungi wa gesi wa jirani. Mamangu alitaka kwenda mwenyewe na machozi yake, khaloo akamzuia, tukapitia kwa mzee wa mtaa ili isionekane tunamtisha shahidi, mtungi ukalipwa, ikaandikwa karatasi mbele ya watu na sahihi. Hiyo karatasi ilifanya kazi kuliko vyeti vyake vyote vya shule. Na msimpambe mtu wenu. Mkisema hajawahi kugusa unga na afisa keshasikia kwa jirani kwamba aliuza hadi masufuria ya biriani ya nyanyake, ripoti itasema familia inamficha, na familia inayoficha haiwezi kupewa mtu kumuangalia.

Ripoti haina ada. Nairudia kwa sababu nje ya korti kuna vijana wa bahasha wanaojua jina la afisa, jina la hakimu na rangi ya faili yenu, watakwambia kuna pesa ya mafuta, pesa ya kuchapisha, pesa ya kusukuma. Huyo hana faili, ana macho tu, ameisoma karatasi mkononi mwako.

Sasa matibabu, na hapa ndipo sisi tuliliwa pesa. Hakimu hamtumi mtu rihabu (kituo cha kutibu uraibu) hewani. Ripoti ikisema "anahitaji matibabu" na hakuna pahali pametajwa, inabaki ushauri mzuri. Ikisema kuna nafasi pahali fulani, kuanzia tarehe fulani, na familia imekubali, hapo kuna mpango wa kuamrishwa. Kwa hivyo barua ya nafasi itangulie ripoti, msingoje ripoti ndio muanze kutafuta. Tukakimbilia nyumba moja ya kibinafsi, geti zuri, mabango ya aya na dua ukutani, tukalipa amana tukapewa barua yenye muhuri mkubwa. Afisa akatazama muhuri akauliza swali moja, "wana kibali cha NACADA?", ile mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Hawakuwa nacho. Amana haikurudi, na tukipiga simu mpaka leo mkurugenzi yuko mkutanoni. Nyinyi pigeni 1192, simu ya NACADA, ni ya bure, muulize kama pahali hapo pameidhinishwa, kabla ya kutoa hata shilingi. Kisha ombeni kuona kibali chenyewe na tarehe yake ya mwisho, na muulize nani daktari, nani kaunsela, anakuja siku gani. Pahali pakisema tiba yao ni pingu na maji baridi, ondokeni.

Pia si kila mtu ni wa rihabu ya kulala. Kama ni unga, kliniki ya Kisauni inatoa methadoni bila malipo, mtu analala kwao na anakwenda kunywa kila siku mbele ya muuguzi, na kwa kesi za probesheni hii inaingiana vizuri kwa sababu anabaki nyumbani na mahudhurio yake yanaandikwa. Lakini huwezi kuingia tu ukapewa kikombe. Kuna kupimwa mkojo, kuna vikao vya ushauri, na kwa kawaida mtu anapitishwa na vituo vinavyofanya kazi na mateja (watumiaji wa unga) mitaani, MEWA ama Reachout, hao ndio wanaomuandaa na kumpeleka. Anzeni huko. Akiwa bado ndani nendeni nyinyi mkaulize taratibu, angalau jina lake liwe linajulikana.

Methadoni ni ya unga na jamii yake. Bangi, bugizi (vidonge vya kulevya vya usingizi), pombe na miraa havina methadoni, hao wanahitaji ushauri na pengine hospitali. Na anaekunywa methadoni halafu akameza bugizi juu yake anaweza kulala asiamke, hili waambieni hata wadogo zake waliobaki nyumbani wajue dalili.

Siku ya hukumu yenyewe ni fupi hadi inaudhi. Hakimu akiona probesheni inafaa atamueleza masharti na kumuuliza kama yuko tayari kuyafuata, na asipokubali mwenyewe kwa mdomo wake amri haitolewi, kwa hivyo azoezwe kujibu kwa sauti, sio kuangalia viatu. Probesheni ni kati ya miezi sita na miaka mitatu. Huduma kwa jamii ni kitu chengine, ni kazi ya bure ya umma (kufagia shule, hospitali, ofisi ya chifu), inatolewa kwa makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka mitatu ama hakimu ameona kisizidi hapo. Muhimu: kama yuko kwa methadoni afisa ajue siku ya kwanza, kwa sababu kliniki ni asubuhi na kufagia ni asubuhi. Watu wanaandikwa hawakufika kazini na walikuwa foleni ya dozi. Muombe barua kliniki yenye saa zake, iingie kwa faili.

Kwa watoto njia ni nyengine na ni nzuri zaidi mkiijua. Kesi zao ziko Tononoka. Kwa sheria ya watoto ya 2022 alie chini ya miaka 12 hashtakiwi, chini ya 14 inachukuliwa hana uwezo wa kutenda kosa mpaka ithibitishwe vyengine, na mtoto hafungwi jela. Kabla hata ya kushtakiwa anaweza kutolewa kwenye mkondo wa korti (wenyewe huita diversion), akubali alichofanya bila kulazimishwa, mzazi akubali, apewe masharti kama kuomba radhi, kulipa, shule, ushauri. Hilo muulizeni afisa wa watoto na mwendesha mashtaka mapema, msipouliza kesi itaendelea tu kama kesi. Bebeni cheti cha kuzaliwa, cheti halisi, sio picha kwa simu. Bila cheti anapelekwa kukisiwa umri na daktari, na hiyo safari peke yake inakula siku huku mtoto yuko Likoni, kwenye makao ya remandi. Na kijana mwenye ndevu za mapema bila cheti anaweza kuchanganywa na watu wazima, nimeona. Korti ikiona nyumbani hapafai kabisa kuna Borstal, taasisi ya kurekebisha vijana, hapo Shimo la Tewa kwa wavulana wa miaka 15 hadi 17, mpaka miaka mitatu, kwa hivyo kile kikao cha afisa nyumbani kwenu ni kizito hata zaidi. Rihabu nazo nyingi huchukua watu wazima tu, ulizeni umri kabla ya kuuliza bei.

Akishatoka, kuripoti. Aende siku alioambiwa hata kama amerudia kutumia. Najua inasikika vibaya, lakini afisa anaeambiwa ukweli anaweza kurekebisha mpango wa matibabu, na afisa anaekimbiwa atamrudisha kortini ambako hakimu anaweza kumhukumu upya kwa lile kosa la mwanzo. Asibadilishe nyumba kimya kimya. Akipata kazi Malindi ama Diani amuone afisa kwanza, usimamizi uhamishwe huko, na kliniki yake imuandikie barua ya kwenda kunywa kliniki ya Malindi ama ya Kombani, upande wa Diani. Akifika bila barua hawampi, na akikosa dozi siku kadhaa mfululizo anaanzishwa tena kutoka chini.