Kutambua tsuba ya chuma ya kale kutoka Japani

Tsuba ni bamba linalokaa kati ya ubapa wa upanga na mpini. Ya katana, upanga mrefu, huwa na upana wa sm 7 hadi 8 hivi. Ya upanga mfupi, wakizashi, ni ndogo kidogo.

Ishike ncha nyembamba ya tundu la katikati ikielekea juu. Alama za patasi kuzunguka tundu hilo, au vipande vya shaba vilivyogongomewa ndani yake, huonyesha kuwa ilirekebishwa ili ikae imara kwenye upanga. Tundu lisilo na alama si ushahidi wa ubandia, kwani nyingine hazikuwahi kufungwa kwenye upanga.

Bandia nyingi zimesubiwa kwenye kalibu. Usihangaike na uso. Chukua lenzi ya kukuza mara 10 ukague kuta za ndani za nakshi iliyotobolewa. Mshono wa kalibu, vitundu vya hewa na kona butu ni dalili mbaya. Kazi ya kufua chuma huacha mikwaruzo ya tupa na kona zilizokatwa sawasawa. Ukingoni huenda ukaona mafundo magumu yanayong'aa, tekkotsu, ambayo wakusanyaji huyapenda sana. Sahihi isikupumbaze: majina ya mafundi mashuhuri yalighushiwa tangu zamani.

Rangi inayotakiwa ni kahawia iliyokolea hadi nyeusi. Kutu nyekundu ikwangue polepole kwa kipande cha mfupa au pembe, kisha sugua kwa kitambaa cha pamba. Tindikali, msasa na brashi ya waya huondoa rangi hiyo iliyokolea, na thamani ya tsuba pia.